Madume Kumi na Mmoja wa Kalenga

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Faili ya hamsini na nne. Chai ya pili. Kalenga katoka saa moja kasoro, kanibusu paji la uso, kasahau chakula chake mezani, karudi, kanibusu tena. Nadhani anasahau makusudi. Mwezi mmoja kasoro siku moja tangu harusi, na bado nikiamka naangalia pete kwanza, ndipo naangalia saa.

Dume namba tatu leo. Dakika kumi na mbili, kanguruma mara kumi na tisa. Nimeandika kila alipoanza na kila alipomaliza.

Nilipokuwa Kigoma sikujua kama duniani kuna mnyama anaitwa sili-tembo. Sasa nawajua madume kumi na mmoja kwa namba zao. Wakubwa kama kombi, pua inaning'inia kama soksi iliyojaa maji. Kila Septemba wanapanda ufukweni kwenye kisiwa kimoja cha baridi, kusini kabisa, meli inafika mara moja kwa mwaka. Majike wanazaa, madume wanapigana. Kalenga alikaa huko miezi kumi na tatu, mpaka Mei mwaka huu, akirekodi sauti zao kwa ajili ya Daktari Mumbua wa chuo kikuu. Sisi wakati huo wachumba. Nilimsikia dakika chache kwa mwezi, kwenye simu ya setilaiti, sauti inakatika katika.

Sasa namsikia kutwa nzima! Maana kule mvua haikatiki na mikono iko ndani ya glavu, kwa hiyo hawaandiki, wanasema. Mwanzo wa kila faili Kalenga anataja tarehe, saa, upande wa ufukwe, na namba ya dume iliyopakwa rangi ubavuni. Wenyewe wanaita kichwa. Faili isiyo na kichwa ni kelele tu.

Mwisho wa mwezi Daktari anataka orodha nzima. Ikiwa safi, Kalenga anaajiriwa kwenye maabara yake, hapa hapa Johannesburg. Ataacha kutengeneza spika za watu mjini, na hatapanda meli tena. Hatapanda meli tena. Ndiyo maana nasikiliza kwa masikio yote mawili.

Jumatano, 6 Septemba

Leo nilitoa hedifoni, masikio yaliuma. Nikafungulia spika ndogo. Namba saba yule, anayenguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Hazikupita dakika kumi, msimamizi wa jengo, Bwana Sithole, yuko mlangoni na mpira wa kuzibulia choo. Jirani wa chini kalalamika. Nikamwonyesha picha ya dume kwenye skrini. Akaitazama muda mrefu. "Eish," akasema, akaondoka na mpira wake.

Wifi Mado akaingia nyuma yake, mikono inanuka mafuta ya nywele, katoka saluni kwake Joubert Park.

"Eh, bi harusi! Iko nini inalia humu? Ni choo ama ni kaka yangu?"

"Ni kazi, wifi."

"Kazi gani? Watu wa hapa Turffontein wanasikiliza mbio za farasi uwanjani, weye unasikiliza nguruwe ya baharini!"

Tumecheka hadi chai ikamwagika kwenye sketi. Nawapenda watu hawa wa Lubumbashi. Nampenda kaka yake zaidi.

Alhamisi, 7 Septemba

Moyo wangu! Moyo wangu!

Faili ya sitini. Kalenga anataja tarehe, saa, upande wa magharibi, dume namba saba. Kimya. Upepo. Halafu kwa sauti ya chini, akidhani hakuna anayesikia: "Bibi yangu, baridi iko inanikula leo. Mi nakuwaza weye tu." Nimerudisha mara sita. Bibi yangu! Kwao bibi ni mke. Hata mahari ilikuwa bado!

Sikuweza kungoja. Nikaruka mbele, kwenye folda ya kadi ya nne ya kinasa sauti, ambayo sijaianza, nikasikiliza vichwa tu, hapa na pale, kama mtu anayechagua karanga kwenye sinia. Karibu vyote vina maneno ya kuniambia mimi mwishoni. Kimoja ananiita asali. Kimoja ananiuliza nimekula nini. Kimoja anaimba, vibaya, jamani, vibaya sana.

Halafu nikaona haya. Daktari atayasikia haya? Wanafunzi wakae darasani wamsikilize mume wangu akiniita asali? Hapana. Nimevikata. Vichwa arobaini na kimoja, kuanzia tarehe mpaka asali, nikaviunga kuwa uzi mmoja, nikauweka kwenye simu. Nimevipanga kwa utamu, vitamu mbele, vya uchovu mwisho. Kazi yote nimeifanya humo humo kwenye diski ya Kalenga yenye sauti zote, kwa sababu laptopu haina nafasi. Video ya harusi imeijaza. Saa nne na dakika kumi, na sifuti hata sekunde. Programu imezihifadhi faili zilizobaki kwa majina yake yenyewe, Bila Jina 1, Bila Jina 2, hadi mwisho. Zile za zamani nimefuta ili diski isijae.

Mume wangu yumo kwenye simu yangu. Dakika kumi na tisa za mume wangu!

Ijumaa, 8 Septemba

Nimepika sombe ya majani ya muhogo huku ananiimbia kwenye simu. Chumvi nyingi. Kala yote.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimefika kadi ya nne. Nikafungua ya kwanza. Dume ananguruma moja kwa moja. Nikangoja tarehe. Hakuna tarehe. Nikafungua ya pili. Hakuna.

Nilichokata nimekijua leo.

Vichwa ninavyo, vyote, kwenye simu. Ila kipi ni cha faili ipi, sijui. Niliruka huku na huku, kisha nikavipanga kwa utamu. Kwa utamu! Mimi na akili zangu za kidato cha nne.

Diski ya akiba ilipata maji ya chumvi melini, haifunguki tangu Mei. Na Kalenga alisema siku ya kwanza kabisa: fanya kwenye nakala, usiguse diski. Alisema mara mbili.

Jumanne, 12 Septemba

Sijamwambia. Kaniuliza kazi inaendaje, nikasema vizuri. Uongo wa kwanza wa ndoa yangu. Nimeuhesabu.

Jumatano, 13 Septemba

Asubuhi nimepanda teksi hadi mjini, nikatembea hadi saluni kwa wifi Mado. Nikamwambia yote huku akimsuka mtu. Hakuacha kusuka.

"Sasa unalia nini? Weka namba tu. Hii namba tatu, hii namba tisa. Nani atakwenda kule kumuuliza mnyama?"

Yule mteja akacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na nakiri hapa kwamba njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza ni namba zipi niweke. Teksi ilisimama kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, mwanamke mmoja kando ya barabara anauza machungwa, ameyapanga matano matano. Nikasema, hata huyu anajua machungwa yake ni yapi. Kalenga akisimama mbele ya watu na namba zangu za uongo, atakuwa anasema uongo bila kujua, na atakayekuwa amemvalisha uongo huo ni mkewe.

Nimemwambia alipovua viatu. Hakupiga kelele. Alifungua folda, akashuka na zile Bila Jina hadi chini, akapanda tena. Akasema, "Bibi, umekata kichwa umeniachia mwili." Akavaa viatu, akatoka, akazunguka uwanja wa farasi. Nilimwona kutoka dirishani, mdogo kando ya ule ukuta mrefu. Akarudi na mkate. Tukala. Akalala akitazama ukuta.

Nimeumia. Na ninastahili.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilimwomba tutengeneze kwanza, halafu ndiyo tumwambie Daktari. Kakataa. Kampigia saa mbili asubuhi, kachelewa kazini kwa ajili hiyo, nikiwa nimesimama hapo hapo. Kasema "diski imeharibika mkononi mwangu." Mwangu! Nikamvuta shati. Akaniondoa mkono taratibu. Nikainyakua simu.

"Daktari, shikamoo. Siyo yeye. Ni mimi mke wake."

"Marahaba. Kwani wewe ndiye unasikiliza zile sauti?"

"Ni mimi, Daktari."

"Umesikiliza ngapi?"

"Sitini."

Kasema niseme ninachoweza kukisema kwa uhakika, basi. Jumatano tufike ofisini kwake, wote wawili, na diski, na simu. Nisichokijua nisikiandike. Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma. Ningependa hasira.

Kalenga kaenda kazini. Hajanibusu. Chakula chake hakukisahau.

Ijumaa, 15 Septemba

Na bado ninampenda hadi tumbo linauma. Niandike hilo kwanza.

Kazi sasa. Nimefanya nakala, kwenye flashi ya wifi. Video ya harusi nimeifuta kwenye laptopu. Shangazi anayo Kigoma, na hata asingekuwa nayo ningeifuta.

Nimegundua kitu. Dume mmoja siye dume mwingine, hata kidogo. Namba saba pikipiki. Namba tatu mhubiri, anapiga haraka haraka kisha anangoja amina. Namba kumi ana pupa, anaanza kabla hajavuta pumzi. Namba nne polepole, kama mtu anayegonga pipa tupu kwa ngumi. Sikujua kama nawajua. Siku zote nilidhani namsikiliza Kalenga.

Nikishampata dume, natafuta siku. Nyuma ya sauti ya Kalenga kuna upepo. Nyuma ya dume kuna upepo. Upepo wa siku moja una sauti moja. Kuna wiki alikohoa, kikohozi kiko kwenye kichwa na kiko kwenye mwili. Kuna ndege anayelia kama bawaba kavu, anaanza kichwani na kumalizia ndani ya faili. Nikaviweka pamoja. Vikashikana!

Leo tisa. Nimerudia kila moja mara tatu. Moja nimeifuta kwenye orodha, sikuwa na hakika.

Jumamosi, 16 Septemba

Mbio za farasi leo, mtangazaji anapayuka kwenye vipaza sauti vya uwanjani. Nimefunga madirisha yote.

Kichwa cha mwisho kwenye uzi wangu ni kifupi. Tarehe, saa, dume namba nne. Hakuna bibi yangu, hakuna asali. Sauti nzito. Nilikiweka mwisho kabisa kwa sababu nilidhani amechoka.

Kalenga alikuwa anapita na beseni la nguo. Akakisikia. Akaliweka beseni chini.

"Hiyo iko siku ya Papa."

Nilijua Papa, yaani baba mkwe, alifariki Lubumbashi wakati Kalenga yuko kisiwani. Nilijua hakukuwa na meli na walimzika bila yeye. Sikujua kwamba habari ilimfikia asubuhi ile, na kwamba alichukua mashine akaenda ufukweni kwa namba nne kwa sababu hakuona pengine pa kwenda. Hakuwahi kuniambia. Na mimi nimeikata siku ile, nikaiweka mwishoni mwa utani wote.

Nikasema nisamehe. Safari hii nilimaanisha kitu kikubwa kuliko diski. Akasema, "Tuitafute."

Faili zenye namba nne ni tano. Nne ni za dakika kumi na kitu. Ya tano ni dakika arobaini na nane. Alisahau kuzima. Tukakaa kitandani, hedifoni moja, kila mtu na sikio lake. Mvua kwenye kofia ya koti lake. Majike wanaita watoto. Watoto wanajibu kama mbwa wadogo. Namba nne anagonga pipa lake, ananyamaza, anagonga. Karibu na mwisho, nyayo kwenye kokoto, zinakwenda, zinarudi.

Kalenga hakulia. Alinishika mguu muda wote, kwenye kifundo. Halafu tukaanika nguo, yeye mashuka, mimi soksi. Akaniambia Papa alikuwa fundi cherehani na alikuwa anaimba vibaya kama yeye. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumanne, 19 Septemba

Thelathini na saba zimepata vichwa vyao. Nne hazijapata. Vichwa vinne vimebaki na faili nne zimebaki, mtu angesema basi ni rahisi. Si rahisi. Upepo umekufa siku hizo, hakuna ndege, na madume wawili kati yao wananguruma mbali sana. Kalenga kasema bahatisha hata moja, asilimia ishirini na tano. Halafu mwenyewe akajipiga mdomo kwa kiganja.

Nimeandika "sijui" mara nne. Neno dogo, limenichukua alasiri nzima.

Naogopa kesho.

Jumatano, 20 Septemba

Ofisi ya Daktari Mumbua ni ndogo kuliko jiko letu. Yeye mwenyewe mfupi, sweta la kijani, viatu vya kutembelea. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti.

"Kaa hapo. Geukia ukuta. Usimwangalie bwana yako, na yeye asikohoe."

Kalenga akasema hakohoi. Daktari akamwambia hata hilo asiseme.

Kumbe orodha yangu hakuifungua kwanza. Alichomeka diski, akafungua kadi ambazo sikuzigusa, akaruka vichwa, akanipigia madume watupu. Sauti kumi. Nitaje namba.

Ya kwanza mhubiri. Tatu, nikasema. Ya pili pikipiki. Saba. Ya tatu nilimwomba airudie, akarudia, nikasema kumi. Kalamu yake inakwaruza kila nikisema, sijui anaweka tiki au mkasi. Ya nne, tano, sita, saba, nikataja. Ya nane nikasikiliza. Nzito, ndefu, inapanda mwishoni kama swali. Nikatafuta kichwani kwangu kuanzia moja hadi kumi na mmoja. Nikajua nikisema sijui, atadhani sijui chochote. Nikajua nikitaja tano inaweza kufanana. Nikawaza kazi ya Kalenga. Nikawaza meli.

"Huyu simjui, Daktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika kwamba simjui."

Ya tisa na ya kumi nilitaja nikiwa nimefumba macho.

Akaniambia nigeuke. Kavua miwani, kaiweka mezani. Nilizozitaja, zote tisa sawa. Na yule wa nane?

"Huwezi kumjua. Huyo alitoka ufukwe mwingine, alipita siku moja tu. Hana hata rangi. Ungenipa namba yoyote hapo, ningefunga hii kompyuta, mrudi nyumbani."

Kalenga alitoa pumzi kama tairi. Mimi nikalia, jamani, mbele ya mwanamke msomi, kamasi na yote. Akanipa karatasi ya jikoni.

Halafu akafungua orodha yangu. Akaisoma mstari kwa mstari, akasikiliza baadhi, akatikisa kichwa kwenye mmoja, akasikiliza tena, akaukubali. Kwenye zile nne za "sijui" akaandika jina lake kando. Zitakaa bila namba, na hazitatumika.

"Na ile sauti ya kwenye simu naitaka. Yote. Ndiyo ushahidi pekee wa hivyo vichwa."

"Yote, Daktari?"

"Yote."

"Kuna maneno humo..."

"Nimeambiwa. Atakayesikiliza atakuwa anatafuta tarehe. Na kama hatafuti tarehe, basi shauri yake."

Kalenga alikuwa anatazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Masikio yamemwiva. Nikaituma. Dakika kumi na tisa, asali na wimbo na Papa, vimeingia chuo kikuu.

Kwenye teksi aliniwekea mkono begani, mbele za watu. Mama mmoja wa Kizulu akatuangalia, akatabasamu akigeukia dirisha.

Ijumaa, 22 Septemba

Wifi Mado kaja na samaki. Anataka kusikia mtihani wote tangu mwanzo. Nimemwigizia Daktari, na ukuta, na kalamu. Nilipofika kwenye "simjui" akanikatisha.

"Mimi ningesema kumi na mmoja!"

"Ndiyo maana wewe unasuka, wifi."

"Na weye usijione. Unajua wanaume kumi na mmoja, na wa kwako mmoja alikuwa anataka kukushinda!"

Kalenga kasahau chakula chake leo. Karudi.

Jumatatu, 25 Septemba

Sikukuu ya taifa hapa. Maduka yamefungwa, mtaa kimya, vumbi limetulia kwa sababu alfajiri kulinyesha kidogo, mvua ya kwanza.

Daktari ameandika jana. Kalenga anaanza Jumatatu ijayo. Kazi yake ya kwanza, kasema, ni kutengeneza nakala tatu za kila kitu, zikae kwake Daktari, si nyumbani kwetu. Tumesoma ujumbe mara nyingi, kisha tukaweka simu chini, hatukujua tufanye nini na furaha, tukapika mayai.

Baada ya kula nilifungua zile faili nne. Si kwa kazi. Orodha imeshakwenda. Kalenga akaja akaegemea mlango na taulo la vyombo begani, akasikiliza na mimi. Mmoja kati yao ananguruma mara tatu, ananyamaza muda mrefu, mpaka unadhani ameondoka, halafu anaendelea.

"Ni nani huyu?" Kalenga akauliza. Yeye aliyesimama pale, hatua kumi kutoka kwake, hamkumbuki.

Nikasema sijui.

Tumemsikiliza hadi mwisho. Kalenga karudi kwenye sinki, mimi nimechukua taulo jingine. Yeye anaosha, mimi nakausha.